Janga Ambalo Halikutokea

Tarehe 29 Desemba 1997, watu wengi duniani wakijiandaa kwa mwaka mpya, serikali ya Hong Kong ilianza kuua kuku wote waliokuwa katika eneo lake. Wote. Wa mashambani, wa sokoni, wa vibanda vya uchochoroni, wazima kwa wagonjwa. Ndani ya siku chache waliuawa kuku takribani milioni 1.3, pamoja na bata, bata bukini na ndege wengine waliokaa karibu nao. Kazi ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumishi wa serikali ambao hawakuwa na uzoefu wowote wa kuua ndege kwa wingi. Walitumia hewa ya ukaa, na pale ilipochelewa walitumia kisu. Mizoga ilitiwa kwenye mifuko ya plastiki ikarundikwa kando ya barabara ikisubiri magari, na baadhi ya mifuko ikapasuka kabla magari hayajafika.

Kufikia siku hiyo, ugonjwa uliosababisha yote haya ulikuwa umewapata watu 18. Sita walifariki.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na nimekaa na tukio hili kwa miezi mingi kuliko nilivyopanga. Historia ya magonjwa huandikwa kwa kuhesabu makaburi. Ukitaka kuandika juu ya tauni au ndui, maiti zipo, daftari za parokia zipo, barua za watu waliokimbia miji zipo. Hong Kong ya 1997 inakupa kitu kigumu zaidi: watu wanaosema kwamba walizuia janga la dunia nzima, na ushahidi wao mkuu ni kwamba hakuna kilichotokea. Sasa utaandikaje historia ya kitu ambacho hakikutokea? Na je, kama kisingetokea hata bila kuua kuku mmoja?

Tuanze na mtoto.

Mnamo Mei 1997 mvulana wa miaka mitatu aliugua homa na kikohozi. Ilikuwa tarehe 9. Tarehe 21 alikuwa amefariki, katika chumba cha wagonjwa mahututi, mapafu na viungo vingine vikiwa vimeshindwa. Alikuwa mtoto mwenye afya kabla ya hapo, na kifo cha namna hiyo kwa mafua kiliwasumbua madaktari. Sampuli kutoka kwenye koo lake ilipelekwa kwenye maabara ya serikali ya virusi, iliyoongozwa na Wilina Lim. Ikaonekana ni homa ya mafua ya kundi A. Mpaka hapo hakuna ajabu. Ajabu ilianza walipojaribu kujua ni aina gani. Vitendanishi vya maabara viliweza kutambua aina zilizokuwa zikizunguka kwa binadamu wakati huo, H1 na H3. Kirusi hiki hakikujibu kimojawapo.

Maabara nyingi zingeandika "haikutambulika" na kuendelea na kazi. Lim alituma sampuli nje: London, Atlanta, na baadaye Rotterdam. Majibu yalikuja Agosti, miezi mitatu baada ya mazishi. Ilikuwa H5N1, kirusi cha ndege.

Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Jan de Jong, alipanda ndege kwenda Hong Kong mwezi huohuo wa Agosti. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kuuliza swali la aibu: je, maabara yenu ni safi? Maana maelezo rahisi kuliko yote yalikuwa kwamba kirusi cha kuku kiliingia kwenye chupa kwa bahati mbaya. Aliikuta maabara safi. Mtoto aliambukizwa kweli.

Kwa nini wataalamu walitaka sana kuamini kwamba chupa ilichafuka? Hapo ndipo historia hii inaponoga, na naomba msomaji univumilie tukirudi nyuma kidogo, maana bila hayo ya nyuma huwezi kuelewa hofu ya Desemba.

Mwaka 1878 daktari wa mifugo wa Italia, Edoardo Perroncito, alieleza ugonjwa uliokuwa ukiua kuku wa wakulima kaskazini mwa nchi yake, karibu na Turin. Kuku alikuwa mzima asubuhi, jioni amekufa. Ulikuja kuitwa tauni ya kuku. Mkulima wa kwetu angesema mdondo, na kwa macho tu asingekosea sana, ingawa mdondo unasababishwa na kirusi kingine kabisa. Mwaka 1901 ilijulikana kwamba kisababishi cha tauni hii kilikuwa kidogo kiasi cha kupita kwenye vichujio vilivyozuia bakteria. Kisha mambo yakatulia kwa zaidi ya nusu karne. Kirusi cha mafua ya binadamu chenyewe kilipatikana London mwaka 1933, kwa msaada wa mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye hupiga chafya kama sisi. Kumbe tauni ya kuku na mafua ya binadamu ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini hilo lilithibitishwa mwaka 1955 tu, na Mjerumani Werner Schäfer. Kwa miaka zaidi ya 20 ndugu wawili walilala kwenye majokofu ya maabara tofauti, mmoja kwa madaktari wa watu, mwingine kwa madaktari wa wanyama, na hakuna aliyewatambulisha.

Mwaka 1961, huko Afrika Kusini, ndege wa pwani waitwao buabua walikufa kwa wingi, karibu 1,300. Waliuawa na kirusi cha H5. Ilikuwa mara ya kwanza kwa homa ya mafua kupatikana kwa ndege wa porini. Nalitaja kwa sababu mara nyingi hadithi hii husimuliwa kana kwamba Afrika iliingia mwishoni tu, kama eneo la kusaidiwa.

Miaka michache baadaye, wanasayansi wawili, Graeme Laver na Robert Webster, walikuwa wakitembea kwenye ufukwe wa Australia wakaona ndege wa baharini waliokufa, wametapakaa mchangani. Wakajiuliza: je, ni mafua? Swali hilo liliwapeleka kwenye visiwa vya Great Barrier Reef kukamata ndege wazima na kuwapangusa koo. Wenzao waliwacheka kwamba wamejitafutia likizo. Walirudi na kirusi. Kwa miongo iliyofuata, Webster na wenzake walionyesha kwamba ndege wa majini, hasa bata, wanabeba karibu kila aina ya homa ya mafua tunayoijua, na wengi wao hawaumwi. Kirusi kinaishi kwenye utumbo wa bata na kutoka na kinyesi hadi majini, ambako bata mwingine anakinywa.

Mpaka hapo picha ilikuwa hivi: ndege ndio ghala, na binadamu hupata sehemu tu ya mali ya ghala hilo. Janga la 1957 lililetwa na kirusi cha binadamu kilichochukua vipande vitatu vya jeni kutoka kwa ndege, na lile la 1968, ambalo hata jina lake ni mafua ya Hong Kong, na kirusi kilichochukua viwili. Ilidhaniwa kwamba kirusi cha ndege kinahitaji kwanza kuchanganyika na cha binadamu, labda ndani ya nguruwe, ambaye hupata vyote viwili. Sababu ilionekana imara. Ili kirusi kiingie kwenye seli lazima kishike kitu juu yake, kama ufunguo unavyoshika kitasa. Kitasa cha utumbo wa bata na kitasa cha pua na koo la binadamu ni vya maumbo tofauti. Kirusi kizima cha kuku kumwua mtoto moja kwa moja, bila mchanganyiko, kilikuwa nje ya mpango huo. Leo tunajua kwamba kitasa cha aina ya ndege kipo pia kwa binadamu, ila kiko chini sana, ndani kabisa ya mapafu. Hii inaeleza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini anayeambukizwa huugua vibaya namna ile, na kwa nini hamwambukizi kirahisi aliye karibu naye. Lakini wa 1997 hawakuwa na maelezo hayo. Walikuwa na mtoto mmoja aliyefariki.

Alikuwepo pia mtu mmoja ambaye hakushangaa sana. Kennedy Shortridge, Mwaustralia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Hong Kong tangu miaka ya 1970, alikuwa ametumia maisha yake kupima bata, kuku na nguruwe wa kusini mwa China. Mwaka 1982 yeye na Charles Stuart-Harris walichapisha hoja kwamba eneo hilo, ambako watu, bata na nguruwe wanaishi pamoja kwa karne nyingi, huenda ndiko majanga ya mafua yanakoanzia. Mimi nina wasiwasi kidogo na hoja hiyo, kwa sababu ilifanya iwe rahisi mno kwa miaka mingi kunyoosha kidole kwa mkulima wa Kichina na kusahau mabanda makubwa ya kuku ya Marekani, ambako mwaka 1983 na 1984, katika jimbo la Pennsylvania na majirani zake, ilibidi kuua ndege milioni 17 kwa sababu ya H5N2. Lakini kwa Hong Kong, Shortridge alikuwa sahihi. Kati ya Machi na Mei 1997, kabla ya mtoto kuugua, H5N1 ilikuwa tayari imeua maelfu ya kuku kwenye mashamba matatu ya eneo hilo. Na kwenye shule ya chekechea ya yule mtoto kulikuwa na vifaranga na vijibata vya watoto kuchezea. Baadhi yao walikuwa wamekufa.

Kisha kimya. Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba: hakuna mgonjwa mwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai Uingereza iliikabidhi Hong Kong kwa China, bendera zikashushwa, nyingine zikapandishwa. Kama nisingejua kilichofuata ningesema lilikuwa tukio la mara moja.

Novemba akaja wa pili, mtoto tena. Huyu alipona. Desemba wakaja wengi, wengine watu wazima wenye nguvu zao. Watafiti kutoka Atlanta, wakiongozwa na Keiji Fukuda, walihangaika kujua kitu kimoja: je, wanaambukizana? Kila mgonjwa aliulizwa alikula nini, alimgusa nani, alipita wapi. Jibu lililojirudia lilikuwa soko. Hong Kong ilikuwa, na kwa kiasi fulani bado ni, mji wa watu wanaopenda kuku aliye hai mpaka dakika ya mwisho. Mnunuzi anaangalia kuku machoni, anapapasa kidari, anachagua, kisha muuzaji anachinja papo hapo. Aliyewahi kununua kuku Shekilango haitaji kuelezwa zaidi. Tenga juu ya tenga, kuku juu ya bata, kinyesi kikishuka. Shortridge na wenzake walipopima masoko hayo, karibu kuku mmoja kati ya watano alikuwa na H5N1. Shortridge mwenyewe alisimulia baadaye kuhusu kuku aliyemwona akidonoa chakula, kisha akaanguka polepole ubavuni, akihema, damu ikimtoka.

Mkurugenzi wa afya wa Hong Kong alikuwa Margaret Chan, daktari aliyeshika nafasi hiyo tangu 1994. Katika kuwatuliza wananchi alisema kwamba yeye mwenyewe anakula kuku kila siku. Watu walimcheka, na kauli hiyo ikamfuata kwa miaka mingi, hata alipokuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2007. Kisayansi hakusema uongo, maana kuku aliyepikwa akaiva haambukizi. Lakini hofu haikuwa kwenye sahani, ilikuwa kwenye tenga. Nadhani hapa kuna somo la jinsi serikali zinavyosema na watu wenye hofu, ila nimelisikia somo hilo likirudiwa mara nyingi tangu 2020 kiasi kwamba naliacha.

Ni serikali hiyohiyo iliyochukua hatua ambayo wengi wasingethubutu. Kwanza ilifunga mpaka kwa kuku kutoka China bara, ambako wengi walitoka. Kisha ukatangazwa uamuzi wa kuua wote. Jambo moja la kalenda linanifanya nirudi kwenye daftari langu kila mara: mgonjwa wa mwisho, wa 18, alianza kuugua tarehe 28 Desemba. Kuku walianza kuuawa tarehe 29. Baada ya hapo hakuna mgonjwa mwingine.

Kuna aliyepoteza, na anatajwa kwa sentensi moja tu kwenye vitabu vingi: mfugaji na mchuuzi. Fidia ililipwa, lakini fidia huhesabu kichwa cha kuku, haihesabu mteja aliyezoea kuja kwako. Soko lilibaki bila kuku kwa wiki kadhaa, hadi Mwaka Mpya wa Kichina ukapita, sikukuu ambayo meza bila kuku mzima ni sawa na Idi bila nyama. Biashara iliporuhusiwa tena Februari 1998, kila mzigo kutoka bara ulipimwa kwanza, na bata na bata bukini wakatengwa, wakawa wanachinjwa mbali na kuletwa wakiwa nyama tayari. Kuanzia 2001 masoko yakalazimika kufungwa siku moja kila mwezi ili yasafishwe. Mila ya sokoni ilibadilishwa kwa amri, kipande kwa kipande, na aliyebadilishiwa ni yule mwenye kibanda.

Sasa niseme jambo ambalo linanivutia kuliko yote katika mwaka huo. Agosti 1997, mwezi uleule maabara zilipolitambua jina la kirusi cha Hong Kong, mzee wa miaka 72 aitwaye Johan Hultin alikuwa akichimba kaburi la pamoja katika kijiji cha Brevig Mission, Alaska. Novemba 1918 mafua yaliwaua watu wazima 72 kati ya 80 wa kijiji hicho kwa siku chache. Walizikwa kwenye ardhi isiyoyeyuka barafu. Hultin alikuwa amewahi kuchimba hapo mwaka 1951 akiwa mwanafunzi, akakosa kirusi hai. Sasa alirudi kwa fedha zake mwenyewe, kwa idhini ya baraza la kijiji, akiwa na mkasi wa bustani wa mkewe. Alipata mwili wa mwanamke mnene, ambaye mafuta yake yalikuwa yameyahifadhi mapafu. Alituma vipande kwa Jeffery Taubenberger, Washington, ambaye Machi ya mwaka huohuo alikuwa amechapisha vipande vya kwanza vya jeni za kirusi cha 1918. Kazi ya kusoma jeni zote ilikamilika 2005, na ikaonyesha kirusi chenye sura ya ndege kuliko ilivyotarajiwa. Jinsi hasa kilivyofika kwa binadamu bado kuna mabishano. Lakini fikiria: ndani ya mwezi mmoja, upande mmoja wa dunia watu wanafukua janga lililoua watu wapatao milioni 50, na upande wa pili wanashika mkononi kitu ambacho kinaweza kuwa mwanzo wa jingine, na hawajui bado kama vinafanana.

Je, lilikuwa jingine? Hapa lazima niwe mkweli kuhusu ushahidi. Baada ya mlipuko, damu ya watu ilipimwa kutafuta kingamwili za H5. Miongoni mwa wafanyakazi wa biashara ya kuku karibu asilimia 10 walikuwa nazo. Miongoni mwa watumishi wa serikali walioua kuku, asilimia 3. Miongoni mwa wahudumu wa afya waliowahudumia wagonjwa wa H5N1, asilimia 3.7, dhidi ya asilimia 0.7 ya wenzao ambao hawakuwahudumia. Soma tena namba hiyo ya mwisho. Ni ndogo, lakini inaonyesha kwamba kirusi kilivuka kutoka kwa mtu hadi mtu, mara chache, bila nguvu. Kilikuwa kinajaribu mlango. Kila mgonjwa mpya kilikuwa jaribio jipya, na sokoni kulikuwa na maelfu ya majaribio kila siku. Kwa hoja hiyo, kuua kuku hakukuwa wazimu, na mimi, baada ya kusoma upande wa wanaoona ilikuwa hofu iliyopitiliza, nimesimama na Chan na Shortridge. Siwezi kuthibitisha kwamba janga lingekuja. Naweza kusema kwamba aliyengoja uthibitisho huo angeupata kwa wakati mmoja na dunia nzima.

Lakini kilichouawa kilikuwa tawi. Mzizi ulikuwa ng'ambo ya mpaka: kirusi kilichopatikana mwaka 1996 kwa bata bukini katika jimbo la Guangdong. Uzao wake uliendelea kuchanganyika na virusi vingine vya ndege, ukarudi kwa kishindo mwishoni mwa 2003, ukaenea Vietnam na Thailand. Mwaka 2005 uliua maelfu ya ndege wa porini kwenye ziwa Qinghai, na baada ya hapo ukapata mabawa. Februari 2006 ulikuwa Nigeria, kisha Misri, nchi ambayo baadaye iligeuka kuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Tangu 2003 watu zaidi ya 900 wamethibitishwa kuambukizwa H5N1 duniani, na karibu nusu wamefariki. Mwaka 2024 uliingia kwa ng'ombe wa maziwa wa Marekani, jambo ambalo hata Shortridge sidhani kama aliliwaza.

Kwetu ulifika Januari 2017, kwa jina la H5N8, wa ukoo huohuo wa bata bukini wa Guangdong. Kwenye ghuba ya Lutembe, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na Entebbe, walionekana buabua wamekufa, ndege wahamiaji wanaokuja kukimbia baridi ya kaskazini. Kisha kuku na bata wa kufugwa, upande wa Masaka. Kenya na Rwanda zikazuia kuku na mayai kutoka Uganda. Hakuna mtu aliyeugua. Mama yangu mdogo, anayefuga kuku wa nyama Mwanza, anakumbuka wiki hizo kwa jambo moja: wateja walikuja, wakasimama mlangoni mwa banda, wakauliza kama kuku wake wametoka Uganda, na hata alipowajibu kwamba vifaranga wake ni wa hapahapa nchini, wengine waligeuka wakaenda kununua dagaa. Kuku waliokuwa wamefikia uzito wa kuuzwa waliendelea kula pumba kwa wiki mbili zaidi. Nilipomsimulia habari za Hong Kong alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza waliwalipa shilingi ngapi kwa kila kuku, na kama walilipa kabla ya kuua au baada.